Aliyefuta Sauti Ishirini za Ganako

Dennis alizaliwa Marangu mwaka 1971, akafika Karatu mwaka 1994 akiwa utingo wa lori la saruji, na katika miaka kumi na mitatu iliyofuata alijifunza mambo matatu: kuendesha gari la watalii, kuzungumza Kiingereza cha watalii, na kupiga gitaa kwa mikao mitatu ya vidole. La kwanza alilijua vizuri. Haki itendeke: hakuna aliyehojiwa, hata miongoni mwa wasiompenda, aliyesema kwamba Dennis aliwahi kuingiza gari mtaroni kwenye barabara ya kuteremkia kreta, lile bonde la wanyamapori. Mawili yaliyobaki aliyajua kwa kiwango kinachomtosha mtu asiye na mpango wa kuyajua zaidi.

Tarehe za maisha yake zina tatizo moja. Kila tukio ambalo yeye ndiye shahidi pekee lilitokea kabla halijamtokea mtu mwingine yeyote wa Karatu. Kwa maelezo yake, yeye ndiye dereva wa kwanza kumiliki simu ya mkononi, wa kwanza kuvaa kofia ya pindo pana, na mwanamuziki wa kwanza kutengeneza sauti za gitaa kwa kompyuta. Simu aliinunua mwaka 2002, wakati nusu ya madereva wa stendi walikwisha kuwa nazo. Risiti ipo, maana risiti ndicho kitu pekee alichowahi kukitunza. Kofia aliachiwa na mgeni. Habari ya kompyuta ndiyo inayostahili kuandikwa, na kwa bahati njema ina mashahidi wanne mbali na yeye.

Wa kwanza wa mashahidi hao ni Sylvesta, mkulima wa Ganako, aliyepiga gitaa la kwaya ya usharika wake kwa miaka kumi na minane. Nyimbo zote ishirini zilizomo katika daftari la kwaya hiyo alizitunga yeye. Mwaka 2002, akifanya kibarua cha msimu katika shamba la kahawa huko Oldeani, mashine ya kumenya kahawa ilimchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Hakulalamika sana. Alirudi nyumbani, akampa gitaa mwenyekiti wa kwaya, Mama Lukresia, na kumwomba atafute mtu mwenye mkono mzima.

Mtu mwenye mkono mzima akawa Dennis. Hakuchaguliwa kwa sababu nyingine. Vijana wa Ganako waliojua gitaa walikuwa wamekwenda Arusha, na Dennis alikuwa muumini mpya, ana gari la kazini la kumfikisha mazoezini, na kila Jumapili alikuwa akikaa benchi la mbele akipiga nyuzi hewani. Sylvesta alimfundisha nyimbo zote ishirini kwa miezi kumi na minne, akimwimbia kila mdundo kwa mdomo. Wanakwaya walizoea kusema kwamba gitaa lao lina sikio la Sylvesta na vidole vya Dennis. Dennis aliposimuliwa msemo huo alicheka na kusema kwamba watu wa Ganako wana utani mwingi.

Pedali ya gitaa ilinunuliwa mwaka 2006, baada ya mnada wa mavuno. Wasiojua desturi hiyo waelewe kwamba waumini huleta kanisani maharage, maboga, ngano na kuku, na ibada ikiisha vitu hivyo huuzwa palepale uwanjani. Mwaka huo jogoo mmoja wa Mama Lukresia aliuzwa mara tatu, kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha mnadani auzwe tena. Kwa jogoo huyo na ngano ya wengine, kwaya iliagiza kutoka Nairobi kisanduku cha chuma cha ukubwa wa Biblia ya mimbarini, chenye vitufe vya kukanyaga kwa mguu. Gitaa likiunganishwa nacho, sauti yake hubadilika kadiri ya namba iliyochaguliwa: namba hii hutoa mwangwi, ile hutoa mkwaruzo, nyingine mtetemo. Pamoja nacho ulikuja waya wa kukiunganisha na kompyuta, na diski yenye programu ya kuzihariri sauti hizo mojamoja mpaka ziwe apendavyo mwenyewe.

Kompyuta ilikuwa katika duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi ya Karatu. Mwendeshaji wake, Winnie, aliimba alto katika kwaya hiyohiyo, na aliruhusiwa na tajiri wake kuitumia mashine Jumamosi mchana. Kwa hiyo, tangu Oktoba 2006 hadi Juni 2007, kila Jumamosi Dennis alipokuwa hana wageni, watu watatu walikaa dukani humo: Winnie mbele ya kioo, Dennis na gitaa pajani, na Sylvesta kwenye kiti cha plastiki, amefumba macho.

Nyuma ya Sylvesta ilisimama spika kubwa ya kanisa. Hili ndilo lililomchosha Dennis kuliko yote. Spika hiyo ililetwa kila Jumamosi kutoka Ganako kwa mkokoteni wa punda, ikafungwa dukani, kisha ikarudishwa jioni kabla ya Jumapili. Dennis alikuwa na hedifoni nzuri, zawadi ya mgeni kutoka Uholanzi, na alishindwa kuelewa kwa nini punda asumbuliwe.

"Mzee wangu, dunia ya leo mambo yanafanyika masikioni," alimwambia. "Hizi zinaleta kila kitu."

"Zinakuletea wewe," Sylvesta alijibu. "Bibi aliyekaa benchi la mwisho hana hizo."

Winnie anakumbuka kwamba sauti moja ilichukua Jumamosi nzima, wakati mwingine mbili. Sylvesta hakujua jina hata moja la vitufe vilivyochorwa kwenye kioo. Alisema tu alichosikia: hapa gitaa liko ndani ya pipa, litoe, hapa lina mafua, hapa linatangulia waimbaji mlangoni, lirudi nyuma, lina haraka gani? Winnie alisogeza mausi kwa upole mpaka mzee akainua mkono mzima. Ndipo Winnie alipobonyeza, na sauti ikaandikwa ndani ya pedali kwa namba ya wimbo wake. Ilikuwa kanuni yao tangu mwanzo kwamba wimbo namba tano daftarini ndiyo sauti namba tano kwenye pedali, ili Dennis asihitaji kukumbuka. Kanuni hiyo iliwekwa na Mama Lukresia, aliyemjua.

Sauti namba saba ilichukua Jumamosi nne. Wimbo wa saba ni wa maziko. Sylvesta aliutunga alipomzika mama yake. Alitaka nyuzi zisikike kana kwamba zinapigwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi kidogo. Jumamosi ya nne Winnie aliupata upana wa mlango. Sylvesta alifumbua macho, akaomba ipigwe tena, kisha akasema anakwenda nje kumwangalia punda. Alikaa nje muda mrefu. Dennis, aliyehojiwa juu ya siku hiyo, anakumbuka kwamba palikuwa na joto.

Mwezi wa tatu mwaka 2007, zikiwa zimekamilika sauti kumi na tatu, Winnie alishauri nakala ihifadhiwe kwenye kompyuta. Pedali ilikuwa mikononi mwa Dennis, naye ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho juu yake. Alikataa. "Zimo ndani ya pedali," alisema. "Zitakwenda wapi? Zina miguu?" Maneno haya yameshuhudiwa na Winnie na Sylvesta, kila mmoja kwa wakati wake, bila kutofautiana hata kwa neno. Inafaa yaandikwe hivyo yalivyo, kwa sababu ndiyo falsafa yote ya Dennis kuhusu mambo yaliyopita.

Julai mwaka huo kwaya ilipata nafasi ya kurekodi kaseti yake ya kwanza. Mrekodi, Alex, angekuja kutoka Arusha na mitambo ya kukodi, siku moja tu, Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Jioni ileile mitambo ilitakiwa irudi mjini. Nyimbo kumi zilichaguliwa, na wa saba ukiwemo. Sylvesta alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja. Hakuwa amezigusa nyuzi za gitaa kwa miaka mitano, na alikwisha kumwambia Mama Lukresia kwamba haombi kingine: nyimbo zisikike mara moja kama alivyozisikia yeye, ziwekwe pahali, basi. Kila mwanakwaya alilijua jambo hilo. Dennis naye alilijua.

Ijumaa, siku moja kabla, Dennis alirudi kutoka kreta na wageni wake, mmoja wao kijana apigaye gitaa kwao. Njiani Dennis alimsimulia habari za pedali yake. Mashahidi wote wanakubaliana kwamba alikuwa akiiita yake. Kijana alifurahi, akamchomolea flashi mkobani. Ndani yake zilikuwamo sauti mia moja za pedali ya aina hiyohiyo, zilizoigwa kutoka kwa wapigaji mashuhuri wa muziki wa kelele. Kufikia saa kumi Dennis alikuwa dukani kwa Winnie, kofia kichwani.

"Winnie, mambo ni moto. Niingizie hizi chapuchapu, kesho tuwaue watu."

"Na zile za mzee?"

"Zitakaa pamoja. Mia na ishirini. Noma!"

Winnie aliunganisha waya na kufungua programu. Kabla ya kuandika chochote, programu ilileta maandishi katikati ya kioo: sauti zote zilizomo kwenye pedali zitafutwa na nafasi zake kuchukuliwa na hizi, je, una uhakika? Winnie aliondoa mkono kwenye mausi.

"Kaka Dennis, soma kwanza hapa."

"Winnie, mdogo wangu, mimi Kiingereza ndicho kinachonilisha," alisema Dennis, akainama begani mwake na kubonyeza mwenyewe.

Programu, iliyotengenezwa na watu wanaowafahamu akina Dennis, iliuliza mara ya pili. Alibonyeza mara ya pili. Kazi ya miezi tisa ilifutika kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai.

Winnie anasema alipayuka, "Umezifuta!" Dennis alitazama orodha mpya, akapanda juu, akashuka chini, akitafuta ishirini miongoni mwa mia moja. Kisha alifanya jambo ambalo ndilo hasa la kumhukumia. Kosa la kubonyeza laweza kumpata yeyote. Dennis alichomoa waya, akaifunga pedali katika mfuko wake, na kumwambia Winnie asiwatie watu presha bure. Pengine kwenye mia hizo zimo zinazofanana. Mtu aliyekaa miezi tisa kando ya Sylvesta aliamini kwamba katika kelele za matamasha ya viwanja vya mpira vya Ulaya yumo mama wa mtu akizikwa Ganako.

Winnie alikwenda nyumbani akiwa na siri hiyo, na hajisamehi. "Nilimwogopa mzee, sikumwogopa Dennis," anasema. "Na ningehifadhi nakala kimyakimya tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa naomba ruhusa kwa nani?"

Jumamosi saa tatu na nusu Alex alikuwa amekwisha kupanga vipaza sauti kanisani. Mama Lukresia aliomba waanze na wimbo mgumu, sauti za waimbaji zikiwa bado mbichi. Wa saba. Sala ikasomwa, Dennis akakanyaga namba saba na kupiga.

Kilichotoka kilikuwa kama lori la mahindi linapanda mlima wa Rhotia na gia zimekataa. Njiwa walitoka darini. Mtu mmoja wa besi alicheka kwa sauti, kisha akaziba mdomo.

"Dennis," Mama Lukresia alisema, "hiyo ni saba?"

"Ni saba, mama."

"Saba ya nani?"

Dennis alikanyaga nane. Nyigu katika kopo. Alikanyaga tisa, ikawa lori lilelile likiteremka. Alieleza, bila kumtazama mtu, kwamba jana umeme ulikuwa mdogo na lazima umezichanganya.

Alex aliinama kwenye kioo kidogo cha pedali. "Broo, umeme mdogo hauwezi kuandika majina," alisema. "Hapa pana jina la Kiingereza, limeandikwa vizuri kabisa, na herufi kubwa."

Ndipo Winnie alipotoka mstari wa alto, akasimama mbele ya Sylvesta, akamweleza yote, akianza na saa kumi ya jana.

"Zote?" Sylvesta aliuliza.

"Zote, baba."

"Nakala?"

"Hakuna."

Sylvesta alimgeukia Alex na kumwuliza ana muda gani. Alex alisema hadi saa kumi na mbili, na kwamba kama watasubiri sauti zote zirudi ataondoka na mkanda mtupu. Mzee akagawa siku. Nyimbo saba ziimbwe kwa midomo tu, katika darasa la shule ya Jumapili, Alex azirekodi huko. Tatu zibaki: wa pili, wa kumi na moja, na wa saba. Na kompyuta ije kanisani, iliko spika.

Ilikuja katika gari la Alex, imefungwa kanga. Kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja na robo, kanisa lilikuwa na watu watatu walewale, katika mpango uleule, ila safari hii hapakuwa na kucheka.

"Piga," Sylvesta alisema. Dennis akapiga.

"Tena."

"Winnie, ondoa mkwaruzo. Zaidi. Wote. Sasa mwangwi uje nyuma ya sauti, usiipande mgongoni. Piga."

"Mzee wangu," Dennis alisema yapata saa saba, "mimi nadhani tukiongeza trebo kidogo..."

"Bwana mdogo, leo wewe ni vidole. Vidole havidhani. Piga."

Alipiga. Winnie anakadiria kwamba ubeti wa kwanza wa wimbo wa pili ulipigwa mara mia mbili. Saa nane Dennis aliomba maji. Alipewa, akaambiwa anywe kwa mkono wa kulia ili wa kushoto usitoke kwenye nyuzi. Kutoka darasani zilisikika sauti za wenzao wakiimba nyimbo saba bila gitaa, wakirudia, wakikohoa, wakirudia tena. Mama Lukresia aliingia mara moja na sahani ya makande, akampa Sylvesta, akampa Winnie, akatoka. Dennis analikumbuka tukio hilo vizuri kuliko yote ya siku hiyo, na analieleza kama dhuluma.

Sauti ya pili ilirudi saa nane na nusu. Ya kumi na moja ilirudi saa kumi kasoro. Ya saba waliifanyia kazi kwa saa moja na robo, na haikurudi yote. Mlango ulikuwa mara umefunguka mno, mara umefungwa kabisa, na Winnie hakuupata upana wake. Alex alisimama kizingitini akiwa na saa mkononi.

"Mzee, dakika arobaini."

Sylvesta alifumba macho, akasikiliza mara moja zaidi. "Waite," alisema. "Uimbwe hivyohivyo."

Kaseti ilitoka Septemba. Ina nyimbo tatu zenye gitaa na saba zisizo na chombo chochote, na iliuzwa kanisani, stendi, na katika duka la zawadi la hoteli moja ya ukingoni mwa kreta, ambako Dennis aliwapeleka wageni wake. Hapo ndipo madhara yake yanapovuka Ganako. Mgeni alipouliza kwa nini nyimbo nyingine hazina gitaa, Dennis alimweleza, kwa Kiingereza kile kinachomlisha, kwamba ndivyo watu wa nyanda hizi walivyoimba tangu enzi na enzi, na kwamba kwaya ilitaka kuihifadhi asili. Wageni wawili angalau wameliandika hilo katika masimulizi ya safari zao. Uongo uliozaliwa Ijumaa saa kumi, katika duka la karatasi na kalamu, sasa una wasomaji. Alipoonyeshwa maandishi hayo, Dennis aliyasoma hadi mwisho kwa furaha, akauliza kama jina lake limo.

Aliulizwa pia azieleze sauti ishirini zilivyokuwa, kwa kuwa hakuna mtu aliyezipiga ila yeye. Katika mkanda wa mahojiano, kwanza anaomba swali lirudiwe. Kisha anasema, "Zilikuwa nzuri. Unakanyaga nane, inatoka nane." Akabanwa: nane ilikuwaje? "Nzuri tu. Ya kikanisa." Hakuna shahidi mwingine katika kazi hii aliyekuwa karibu hivyo na jambo na kutoka mikono mitupu hivyo.

Mwaka 2008 Dennis aliacha kwaya. Alirudisha pedali alipoombwa mara ya tatu, na sauti zote mia moja ndani, ila tatu, zile za Sylvesta. Siku hizi hupiga gitaa jioni katika ukumbi wa chakula wa hoteli, mikao ileile mitatu. Ana afya njema, na madereva wadogo humwamkia shikamoo.

Sylvesta hakurudi dukani. Winnie alimwendea mara mbili Ganako akamwambia kwamba mashine ipo, Jumamosi zipo, na safari hii nakala zitahifadhiwa mahali pawili. Mara zote mbili mzee alimkaribisha, akampa maziwa, akamrudisha na mahindi. Alipoulizwa kwa nini hakuzijenga upya zile kumi na saba, alitazama kwanza mkono wake, kisha shamba.

"Zile tatu tulizirudisha kwa sababu kaseti ilikuwa inasubiri," alisema. "Nyingine zingepigwa na nani? Nimwite tena yule aniazime vidole, nikae miezi tisa, halafu mgeni ampe kitu kingine njiani? Hapana. Waimbe kwa midomo. Midomo ni yao."

Wanaimba hivyo hadi leo.